Digrii Nane za Mwalimu Gaspar

Kinyerezi
3 Februari 2025

Herieth,

Salamu. Mwandiko huu utakushangaza. Mkono unatetemeka, lakini ni mimi, Gaspar Temba, niliyekufundisha ufundi wa vipimo pale chuoni Kipawa, kisha, nikiwa bado nafundisha, nikawa pia mkuu wako wa kazi kwenye ghala la chanjo za kuku. Miaka kumi na tatu sijakuandikia hata salamu za Krismasi.

Anayekuletea barua hii ni binti yangu Eufrazia. Anafundisha sekondari huko Mbagala, na ndiye aliyegundua kwamba fundi anayewashonea wanafunzi wake sare ni wewe. Alirudi nyumbani amefurahi. "Baba, kumbe Dada Herieth yupo, na anakusalimia sana!" Nilikuwa nakula. Nikaweka kijiko chini.

Nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu niliandika ujumbe mara nne, na mara nne nikaufuta. Wino ukifutwa unaonekana.

Moyo wangu umechoka. Miguu imevimba, usingizi naupata nikiwa nimekaa. Daktari alimwita Eufrazia nje ili nisisikie, nikasikia. Kwa hiyo nataka, kabla sijaondoka, tuzungumze habari za Pasaka ya mwaka 2012. Kuna jambo la siku zile ambalo hukuambiwa.

Mistari mitatu iliyofuata nimeikata mwenyewe. Usihangaike kuisoma, nilikuwa naeleza vibaya.

Lile daftari lako la kazi, lenye jalada gumu, bado unalo? Nijibu hilo kwanza.

Gaspar Temba


Mbagala Kizuiani
9 Februari 2025

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipokea mbele ya wateja, nikashindwa kuifungua mpaka nilipofunga duka. Pole sana kwa maradhi.

Mwalimu, mie najua unachotaka kusema, na huna haja ya kujitesa. Umetaka kunisamehe kabla ya safari yako. Mimi ndiye nilitakiwa kuja kwako kwa magoti tangu zamani, ila aibu ilinizuia. Uliniamini ukanipa funguo za chumba cha baridi, nami nikagusa waya usionihusu. Chanjo zote zikaharibika. Watu waliozichukua siku zile za sikukuu, kabla haijagundulika, wakachanja kuku wao wakidhani wamekingwa, na ugonjwa wa mdondo ukaja ukawamaliza. Yule Mama Kokushubila wa Gongo la Mboto nilimwona kwa macho yangu akifukia kuku wake wote kwenye shimo la choo kipya. Aliniuliza, "Binti, chanjo yenu ilikuwa maji?"

Nakumbuka pia kwamba wewe ndiye uliyewaomba wakubwa wasinipeleke polisi, wanifukuze tu. Hilo namwombea Mungu akulipe.

Tangu siku ile sijashika bisibisi. Hata soketi ikilegea namwita mpangaji mwenzangu. Mtoto wa dada yangu, Brightson, alisoma hapo chuoni kwako miaka ya karibuni. Siku moja alirudi akacheka, "Ma'mdogo, kule fundi akiharibu kitu kwa kujifanya anajua, tunamwambia usituletee ya Herieth. Kama jina lako!" Nikacheka naye. Halafu nikaenda jikoni.

Daftari ninalo. Sijawahi kulifungua tena.

Nisamehe, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Herieth Stephano


Kinyerezi
14 Februari 2025

Herieth,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili sikufika mwisho. Umeniomba msamaha wewe.

Sikiliza. Huna kosa. Naandika kama ninayemwandikia mtu asiyejua kazi yetu, ili nisipate neno la kitaalamu la kujificha nyuma yake.

Mwaka 2010, kabla hujaajiriwa, nilifunga kihisi cha joto ndani ya kile chumba cha baridi. Kebo yake ilikuwa na nyaya tatu, ikipita juu ya dari mita ishirini na kitu hadi kwenye kisanduku kinachopokea vipimo na kuvipeleka kwenye kompyuta. Waya mrefu na mwembamba huongeza joto la uongo. Kisanduku peke yake hakiwezi kujua kipi ni joto la chumba na kipi kimeletwa na urefu wa waya. Kazi ya waya wa tatu ni kukijulisha hilo, ili kiondoe chenyewe kile kilichozidi.

Nilipokuwa namenya ncha za nyaya, kisu kiliteleza nikaukata wa tatu. Ukabaki mfupi, haufiki kwenye skrubu yake. Mimi, niliyekuwa nawagombeza ninyi darasani kwa kumenya waya ovyo. Meneja alikuwa mlangoni na wageni wake, wanasubiri kuona namba ikitokea kwenye kioo. Sikutaka wanione nikiunga-unga waya kama fundi redio wa barazani. Nikaukunja nyuma, nikafunga miwili tu. Kompyuta ikasoma digrii 13, na kipimajoto cha mkononi kilisema 5. Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikaandika: punguza nane. Ikasoma 5. Wageni wakapiga makofi. Sikuandika popote na sikumwambia mtu.

Miaka miwili baadaye wewe ulifungua kisanduku kukisafisha, ukaukuta ule waya umekunjwa, ukauunga vizuri na kuufunga mahali pake. Ulifanya kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo. Lakini nane yangu ilikuwa bado ndani ya kompyuta. Kisanduku kikapunguza chake, na namba yangu ikapunguza tena. Mashine ya ubaridi ilikuwa inafuata kompyuta. Kompyuta ikionyesha 5, chumbani kulikuwa na 13. Siku zote za sikukuu.

Jumanne baada ya Pasaka nilifika alfajiri, kabla ya wote, ndipo nikaelewa. Nikaifuta ile nane. Kisha nikawaita watu, nikawaonyesha mahali ulipounga waya, nikasema mashine imedanganywa na kiungo hiki.

Ndivyo ilivyokuwa. Eufrazia ananiuliza kwa nini bahasha nimeizungushia selotepu kama kifurushi cha kwenda Ulaya. Nimemwambia ni mambo ya chuo.

Gaspar Temba


Mbagala Kizuiani
1 Machi 2025

Mwalimu Gaspar,

Shikamoo. Nimelelewa kuanza hivyo, kwa hiyo nimeanza hivyo.

Wiki mbili nimeshindwa kushona. Nimekata kitambaa cha sketi za watoto wa watu upande usio wenyewe. Dada yangu ananiuliza nani amekufa.

Nimelifungua daftari. Limeliwa na mende pembeni lakini linasomeka. Nakuandikia kama lilivyo:

"Alhamisi 5/4/2012. Saa 10.20 jioni. Nimeunga waya wa tatu wa kihisi cha chumba cha baridi, kiungo kimekaza. Kompyuta imeshuka kutoka 5 hadi hasi 3 papo hapo. Saa 10.40 nimempigia Mwl."

Chini yake nimeandika nilichosema na ulichonijibu.

Mbele ya kamati iliyotuhoji baada ya Pasaka nilisema kwamba nilikupigia. Wewe ukasema ulikuwa ndani ya basi kwenda Moshi, mtandao ulikuwa mbovu, na ulichosikia ni salamu za sikukuu tu. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, "Dada, usimtafute wa kufa naye." Wakacheka. Nikafika mahali nikaamini kwamba kweli hukunisikia. Mtu akiambiwa jambo na watu sita waliovaa tai, anaanza kulishuku sikio lake mwenyewe.

Sasa unaniandikia kwamba ulielewa Jumanne. Nataka uniandikie nilisema nini kwenye simu siku ile, na ulinijibu nini. Usiniulize mimi. Mie ninayo hapa mezani, nitalinganisha.

Herieth Stephano


Kinyerezi
4 Machi 2025

Herieth,

Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba miaka mingi imepita na kumbukumbu za wazee zinapotea. Karatasi hiyo nimeichana.

Basi lilikuwa limesimama Korogwe. Mtandao ulikuwa mzuri. Ulisema: "Mwalimu shikamoo, samahani nakusumbua safarini. Nimefunga ule waya uliokuwa umekunjwa, na namba imeshuka ghafla mpaka hasi tatu. Nifanyeje?" Nikakujibu: "Iache hivyo hivyo, itatulia. Pasaka njema."

Nilijua. Hukuwa umemaliza kutamka "hasi tatu" nikawa nimeshajua, kwa sababu kutoka tano hadi hasi tatu ni nane, na nane hiyo niliiweka mimi.

Nilichotakiwa kukuambia ni maneno machache: ingia kwenye mipangilio, utakuta nane, ifute. Dakika moja isingeisha. Lakini ungeniuliza, "Nane hiyo ni ya nini, Mwalimu?" Kwenye kiti cha pembeni alikaa kijana niliyemfundisha zamani, amenitambua, na tangu Chalinze alikuwa anamsimulia mkewe kwamba mwalimu huyu hajawahi kukosea kipimo. Sikutaka asikie nikijibu swali lako. Kwa ajili ya mtu ambaye leo silikumbuki jina lake.

Nikajipa hesabu. Kuta za chumba ni nene, joto litapanda polepole, nitawahi kurudi. Ijumaa Kuu nilikuwa kanisani. Jumamosi tulichinja mbuzi. Jumapili nilisoma somo la kwanza kwenye misa, na watu wakanisifu kwa sauti. Simu yangu ilikuwa na chaji siku zote hizo. Nilikuwa naitoa mfukoni, naliangalia jina lako, nairudisha. Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo kukupigia kulivyozidi kuwa kugumu, maana sasa ungeuliza pia kwa nini sikusema Alhamisi.

Kuhusu polisi: sikukuombea kwa huruma. Polisi wangeleta fundi mwingine aikague kompyuta, akute kumbukumbu ya nane niliyoifuta.

Na bado kuna jingine. Hilo neno alilokuja nalo Brightson, "ya Herieth", halikuanzishwa na wanafunzi. Nililianzisha mimi darasani, mwaka uliofuata. Nilikuwa nafundisha kwamba fundi asiguse waya bila kuuliza, na nikaona kisa kitakumbukwa zaidi kikiwa na jina la mtu. Wakacheka. Mwaka uliofuata nikakisimulia tena. Nilifika mahali nikakisimulia vizuri sana.

Gaspar Temba


Mbagala Kizuiani
10 Machi 2025

Mwalimu Gaspar,

Shikamoo.

Nimelinganisha. Yamekaa sawa, isipokuwa mwisho. Hukusema "Pasaka njema". Ulisema "Pasaka njema, mwanangu". Nimeandika hivyo hapa, kwa peni ya bluu.

Umeniuliza mara moja tu kama daftari ninalo. Sasa naelewa: ulikuwa unauliza kama ushahidi bado upo.

Barua zako ni nzuri, lakini nizifanyie nini? Nikimwonyesha mtu atasema nimeziandika mwenyewe. Jina langu halikuharibikia kwenye bahasha, Mwalimu. Limeharibikia darasani, kila mwaka, na vijana wakatoka nalo wakalipeleka Kinyerezi kwenye mitambo ya umeme, uwanja wa ndege, viwandani Pugu Road, kila penye fundi. Nenda palepale ulipolichafua. Kaa mbele ya wanafunzi ukafundishe somo lile upya, na jina lako ndani yake.

Najua unaumwa. Mie nami niliumizwa nikiwa na miaka ishirini na sita.

Sitakuja kusikiliza.

Herieth Stephano


Mbagala Kizuiani
28 Machi 2025

Mwalimu,

Nilikuja.

Eufrazia aliniambia siku na saa, nikasema sitafika, kisha nikajikuta nimesimama nje ya dirisha la karakana, mtandio nimejifunika kama mtu anayedaiwa. Nilikuona ukiingizwa ukiwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili wamekubeba. Umekonda. Nusura niingie kukusalimia.

Mwalimu wao Anselmo akakutambulisha kwa sifa nyingi. Halafu ukaanza. Ukasema: "Palikuwa na fundi mmoja, aliyefunga kihisi cha joto kwenye ghala moja."

Fundi mmoja. Miaka kumi na tatu yangu ilikuwa na jina, na yako ni fundi mmoja.

Nikaondoka. Usiniandikie tena.

Herieth


Kinyerezi
30 Machi 2025

Herieth,

Umenikataza kuandika nami nimeandika. Hii ni barua ya mwisho, na Eufrazia ana ruhusa yangu kurudi nayo ukiikataa.

Ni kweli nilianza na "fundi mmoja". Usiku wote wa kuamkia siku ile nilikuwa nimejifunza kusema "mimi", na nilipowaona wanafunzi wamesimama kunipokea mdomo ukachagua njia yake. Nilisimulia hadi mwisho, mpaka kuku wa watu walipokufa, na bado alikuwa fundi mmoja.

Kijana mmoja, Anwar, akasema: "Mzee, samahani, ila huyo fundi alikuwa bonge la zoba."

Darasa zima likaangua kicheko. Anselmo akamkemea, "Anwar! Una mgeni mbele yako."

"Sasa ticha, mtu kafunga waya miwili badala ya mitatu, kaweka namba ya kichawi, kanyamaza. Tumuiteje, injinia?"

Msichana aliyekaa mbele, Hija, akasema, "Lakini hii si ndo ile ya Herieth? Mbona leo imegeuka?"

Nikasema haikuwa ya Herieth. Akauliza, "Ni ya nani?" Nikasema, "Yangu."

Hawakunielewa. Anselmo alitabasamu akidhani natania. Ikabidi niseme tena, mara hii kwa majina: mimi, Gaspar Temba, nilikata waya, niliweka nane, na Herieth Stephano alinipigia simu nikiwa Korogwe, nikajua, nikamwambia itatulia.

Hija akaniuliza taratibu, kama anayehakikisha kipimo: "Kwa hiyo yule dada alikuambia namba, ukaijua, ukamwacha?"

"Ndiyo."

"Halafu ukaja kutufundisha sisi kwamba ni yeye?"

"Ndiyo."

Anselmo nilimfundisha mwenyewe, na kisa hicho amekirudia miaka sita bila kujua. Alipita kati ya madawati akayakusanya makaratasi ya somo yenye jina lako, moja moja, bila kuniangalia. Vijana wakanibeba hadi kwenye bajaji kwa adabu zote.

Hukuwepo kuyasikia hayo, na mimi ndiye wa mwisho duniani ambaye unapaswa kumwamini. Kwa hiyo sikuombi uniamini. Ukitaka nitarudi Alhamisi, nianze na jina langu kabla ya salamu. Eufrazia analia anasema sitafika hata Tabata. Nitafika.

Gaspar Temba


Mbagala Kizuiani
7 Aprili 2025

Mwalimu Gaspar,

Shikamoo.

Usirudi. Nimekwenda mwenyewe.

Nilijifanya natafuta kazi ya kushona makoti ya karakana. Vijana walikuwa mapumziko, wako peke yao, hakuna mwalimu. Nikamwambia mmoja, "Nasikia kuna kisa chenu cha chanjo za kuku, nisimulieni." Kumbe ndiye huyo Anwar. Akasimama katikati akasimulia chote, kuanzia kisu kilichoteleza hadi simu ya Korogwe. Alikuigiza mpaka mkono unavyotetemeka na unavyovuta pumzi katikati ya neno. Wenzake wakacheka. Nilitaka kumwambia aache. Sikumwambia. Hilo nakueleza ili ujue nami siyo malaika.

Alipomaliza akasema, "Mama, yule dada alikuwa sahihi kabisa. Kazi aliyofanya ni ya kitabuni." Nikamwomba arudie. Akarudia akidhani sikusikia.

Hija akaniuliza, "Mama, kwani wewe ni nani?"

Nikasema, "Naitwa Herieth Stephano. Mie ndiye niliyeufunga waya wa tatu."

Walisimama wote, viti vikaburuzwa kwa kelele. Anwar akatamka shikamoo kwa sauti ndogo kama mtoto wa chekechea. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Wakanitolea kisanduku kipya cha vipimo, wakanionyesha skrubu zake, wananiuliza kama vile vya zamani vilikuwa hivi. Nikawajibu nilivyojua. Nilikaa hadi kengele ikalia, na sketi za watu zikachelewa siku hiyo.

Kwa hiyo nimekuamini, kwa sababu nimewasikia wao.

Lakini kuna kitu. Jana nimezipanga barua zako zote kitandani nikazisoma kwa mfuatano. Umeniambia ulichokata, ulichoficha, ulichofuta na ulichofundisha. Hakuna mahali hata pamoja ulipoomba msamaha. Mimi nimekuomba kwa kosa lisilo langu, na wewe hujaniomba hata mara moja kwa kosa lako. Nilikasirika, kisha nikafikiri labda unaogopa jibu.

Jumamosi nitakuja Kinyerezi na Eufrazia. Usiandike kitu na usijifunze maneno. Niombe kwa mdomo, nikiwa nakuangalia.

Nitakachokujibu sikijui bado.

Herieth Stephano